Mbiu ya Nguruwe Fangaloto

Benchi la Lupe halikuanza maisha yake barabarani. Lilikuwa benchi la kanisa, na kwa miaka mingi lilibeba waumini wa Fangaloto ibada hadi ibada, mpaka ndugu walioko Auckland walipochanga wakaleta mabenchi mapya, nalo likashushwa kwenye baraza ya duka lake Lupe, chini ya dirisha la wavu. Kile kibao cha nyuma, kilichokuwa cha kuwekea vitabu vya nyimbo, sasa Lupe hukiwekea vikombe vya kakao, na mwenye kiu hupeleka mkono nyuma ya bega bila kugeuka, kama mtu apokeaye hongo. Mchana ule wa Ijumaa walikaa watatu wale wale. Semisi, aitwaye Waziri, ambaye siku moja bandarini Nukualofa, mji mkuu wa visiwa vyao, alimfungulia mlango wa gari waziri wa kweli, na tangu hapo huzungumza kama mtu aliyeachiwa funguo za serikali. Kapelieli, aitwaye Mafuta, mzee wa kanisa mwenye nguruwe wengi kuliko sababu za kuwa nao. Yeye alitoka kupanga sadaka ya mwaka, na mkeka wa heshima, avaao kila mtu aendaye mbele ya wakubwa, ulikuwa bado kiunoni mwake. Katikati yao alikaa Lisiate, mhubiri asiye na mshahara, ambaye akipaza sauti mimbarani hata waokotao kome mwambani husimama. Ndiyo maana kijiji kizima humwita Radi.

Siku hiyo Radi alikuwa kimya, na sababu ya kimya chake ilijulikana benchi zima. Afisa wa kijiji alikuwa amekwenda Australia kuchuma machungwa, kwa kuwa, alivyosema mwenyewe, machungwa hayatoroki uani. Tangu aondoke, hapakuwa na mtu wa kupita jioni akipiga mbiu, wala wa kuwatoza faini wenye nguruwe wazururao, na nguruwe wa Fangaloto walikuwa wamelielewa jambo hilo mapema kuliko watu. Majina ya watakao kupigiwa kura kwa kazi ile yalipokewa kwa afisa wa wilaya, kijiji cha pili, hadi alasiri hiyo hiyo. Hakuna aliyekwenda. Watu walimtazama Radi. Naye alitazama barabara.

— Jua linateremka, Radi, alianza Waziri. Jina lako umelipeleka, au bado linanyonya?

— Jina langu lipo pale lilipo.

— Lipo kanisani, alidakia Mafuta, na libaki huko huko. Mtu wa Mungu na siasa wapi na wapi? Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi.

— Fisi alikuwa anafuata nyama, bwana wee, alisema Lupe kutoka nyuma ya wavu. Hii kazi ina nyama gani? Aliyepita alikonda mpaka mkanda ukamzunguka mara mbili.

— Ndiyo nisemavyo! Alikonda kwa nini? Kwa sababu hakualikwa karamuni. Ukimtoza mtu faini Jumatano, Jumapili atakuwekea kichwa cha nguruwe mezani? Atakuwekea mkia, na mkia wenyewe umeshatafunwa.

Lisiate alitabasamu, ila maneno yale yalimpata. Kwa miaka yote ya kuhubiri kwake, kila tanuri la ardhini lilipofunuliwa, sehemu bora iliwekwa mbele yake, si kwa utamu wa nyama tu, bali kwa kuwa watu walimpenda. Wazee wa kanisa walikuwa wamemwita kando, kwa upole mwingi, wakamwambia kuwa sauti ya mtu ni moja: akiitumia jioni kuwatoza watu faini, asubuhi ya Jumapili watamsikia afisa, hawatamsikia mhubiri. Kila alipoyapima maneno hayo aliyaona yana uzito. Lakini alijua pia, na hili hakumwambia mtu, kwamba chini ya uzito ule kulikuwa na kitu kingine. Ua wa nguruwe wake mwenyewe uliangushwa na kimbunga, naye alikuwa akijiambia atausimamisha sadaka ya mwaka ikipita.

— Mimi nasema hivi, aliendelea Mafuta akigonga goti. Tukikosa afisa, tuombe. Wiki nzima ya maombi. Tuwaombee nguruwe watulie majumbani mwao. Mungu hamtupi mja wake.

— Huyo mja ni wewe au nguruwe? aliuliza Waziri.

— Sote ni viumbe.

— Basi anza kuwaombea leo, alisema Lupe. Asubuhi kuna mmoja aliingia humu dukani akala mche wa sabuni. Nilimwona anakwenda zake anatoa povu, nikadhani amepagawa.

— Umeona sasa! alipiga kelele Mafuta, kana kwamba sabuni ile ilikuwa shahidi wake. Kupagawa! Unamkumbuka yule mtu wa Gadara, pepo wakatoka kwake wakaingia kundi zima la nguruwe, kundi likajitupa ziwani? Eh? Na watu wa mji walifanya nini? Walisema Haleluya? Walimwomba Bwana Yesu aondoke mipakani mwao! Yeye aliyewaponyea ndugu yao! Bwana Yesu mwenyewe, ndugu zangu, akisimama uchaguzi Gadara, anashindwa. Kwa ajili ya nguruwe. Sasa Radi ni nani?

Benchi lilicheka mpaka likalia misumari yake. Hata Lisiate alicheka, ingawa moyoni alijiuliza mbona katika hadithi ile hakuwahi kumfikiria mchunga nguruwe.

— Hujamaliza hesabu, Mzee Mafuta, alisema Waziri, na akakaza shingo kama mtu anayepanda jukwaani. Wewe umetutajia mmoja aliyefukuzwa. Mimi nakutajia walioajiriwa. Yusufu alikuwa nani Misri? Waziri wa chakula. Danieli? Katibu mkuu, tena wa serikali ya wapagani, na alikwenda kazini kila siku mpaka siku ile ya simba.

— Simba hao walimlipa mshahara?

— Hawakumla! Kwa mtumishi wa serikali, huo ni mshahara na marupurupu. Na Musa? Musa alikuwa afisa wa kijiji, tena wa kijiji kinachotembea. Alipanda mlimani akaleta mbiu, akashuka akakuta watu wanamchezea ndama. Sisi tuna nguruwe, wao walikuwa na ndama. Kila nchi ina mnyama wake.

— Nehemia umemsahau, alisema Lupe. Si ndiye Radi aliyemhubiri mwezi uliopita? Kujenga ukuta ulioanguka, kila mtu sehemu iliyo mbele ya nyumba yake. Nililia mimi. Yule Nehemia hakuwa mchungaji, alikuwa liwali.

Lisiate alipeleka mkono nyuma ya bega, akapata kikombe, akanywa kakao iliyokuwa bado inaunguza, ili mdomo wake uwe na kazi.

— Na Nuhu, aliongeza Lupe, ambaye alikuwa ameonja utamu wa mjadala. Nuhu ndiye afisa wa kwanza. Alipewa amri ya kuwafungia nguruwe, akawafungia, na mvua yote ile hakuna aliyetoka. Wewe Mafuta huwezi hata kiangazi.

— Nuhu alikuwa na nguruwe wawili! Wawili! Nipe mimi wawili uone kama sitawafunga. Tena walioachwa nje walizama, hakuna aliyerudi kumpigia kura ya hapana. Uongozi wa hivyo hata mimi naweza.

— Mchelea mwana kulia hulia yeye, alisema Waziri kwa sauti ya hukumu.

— Hiyo inaingiaje hapa?

— Itaingia yenyewe. Ngoja nikupe suluhisho, maana nimelifikiria hili kiserikali. Ubaya wa afisa ni nini? Ana ndugu, ana tumbo, ana nguruwe. Tumchague malaika. Hana shemeji, hali, hafugi. Anapita juu kwa juu anaona kila ua.

— Na jina lake atalipelekaje wilayani? aliuliza Lupe.

— Anashuka.

— Malaika hapigiwi kura, alisema Mafuta kwa ukali wa mzee wa kanisa. Nakwambia ndugu yangu, na hili nimelikalia muda mrefu: mbinguni hakuna uchaguzi. Hakuna! Sasa sisi tunaojiandaa kwenda huko, kila tukipiga kura hapa tunajiharibu. Mtu atafika pale mlangoni, mkono umezoea, aanze kumnyooshea Petro kidole: muda wako umekwisha, tupishe na wengine.

— Atakuwa wewe huyo, alisema Waziri.

— Sitakuwa mimi, mimi sipigi kura. Mimi nakaa, nanyamaza, naweka akiba.

— Unakaa kwenye benchi la nani? aliuliza Lupe.

— Benchi la... la kanisa.

— Na lipo wapi?

Mafuta alitazama chini ya makalio yake, kisha akatazama barabara, ambako jibwa moja lilikuwa likivuka bila haraka.

— Barabarani, alisema. Lakini lililetwa. Halikuja kwa miguu yake.

Lupe alicheka, kisha akaegemea wavu, na sauti yake ikashuka kidogo.

— Hebu niwaambie mimi nisiyejua serikali. Wale mashemasi wa kwanza walichaguliwa kwa sababu gani? Kwa sababu ya wajane. Walisahauliwa kwenye chakula, wakanung'unika, na mitume hawakuwaambia nendeni mkaombe. Walisema chagueni watu, wasimamie. Mimi ni mjane. Nguruwe wamenilia viazi shamba zima msimu huu. Nimenung'unika mpaka koo limekauka. Nyinyi mnanipa Nuhu na malaika.

Waziri alipuliza kakao yake iliyokwisha kupoa. Lisiate alitaka kusema, na maneno yalikuwepo. Lakini kila neno lililokuja lilikuja kwa sauti ya mimbarani, naye alijua kuwa mtu asiye na ua hana haki ya sauti ile.

Wakati huo ndipo alipotokea mwanamke mzee upande wa makaburini, mwenye mavazi meusi, mrefu, mwavuli mkononi, na mkeka mkuukuu wa maombolezo umemzunguka kutoka kifuani hadi magotini. Waziri alikuwa wa kwanza kumtambua.

— Inukeni, alinong'ona. Serikali yenyewe imefika.

Alikuwa Shangazi Vaimoana, dada mkubwa wa marehemu baba yake Lisiate, aliyeshuka kutoka Auckland juzi kwa ajili ya sadaka ya mwaka. Wote watatu walisimama. Lisiate hakusimama tu: alitoka kwenye benchi akakaa chini sakafuni, miguu ameikunja, kichwa kikiwa chini kuliko cha shangazi, kama impasavyo mtu mbele ya dada wa baba yake. Mtu huweza kubishana na mchungaji wake, na siku ya ujasiri hata na mtukufu mwenye ardhi. Dada wa baba habishiwi. Akitaka mkeka uliolalia, hupewa. Akitaka mtoto wako amlee, hupewa.

— Shikamoo Mama, alisema Mafuta. Karibu, karibu. Lupe, kikombe kwa Mama!

— Marahaba, wanangu. Sikai sana. Nyie ndio wakubwa wa hapa?

— Tunajitahidi, alisema Waziri.

— Basi nisaidieni. Nimetoka kumwona kaka yangu pale kaburini. Nilimletea shuka la viraka la kutandika kaburini, nimelishona mwenyewe majira yote ya baridi. Nimekuta mchanga mweupe wote umetifuliwa, mawe meusi yametupwa huko na huko, na nguruwe jike amelala juu yake. Juu ya kaka yangu. Amejilaza kama mgeni wa heshima. Nikamwambia toka, akanitazama tu. Nikamchapa mwavuli, akapiga miayo.

— Ah! Ah! alisema Mafuta, akishika kichwa.

— Ni mweupe, sikio la kushoto limechanika mpaka kwenye shina.

Hapo benchi lilifanya jambo la upendo. Hakuna aliyegeuza uso. Waziri alilitazama paa. Mafuta alichunguza nyuzi za mkeka wake kana kwamba ndiyo kwanza auone. Nyuma ya wavu Lupe alianza kufuta kikombe kilichokuwa kikavu. Sikio lile lilijulikana Fangaloto yote, tangu siku lilipochanwa na mbwa wa mchungaji, na hata mtoto wa kubebwa angemtaja mwenyewe. Waziri, Mafuta na Lupe walikuwa wamelijua jambo hilo mjadala wote, na kwa ajili ya Radi walikuwa wamefunga mdomo.

Shangazi alingoja. Angeweza kuamuru nguruwe wote wa ukoo wachinjwe kabla ya jua kuzama, na wangechinjwa. Hakuamuru. Aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia.

— Hapa kijijini, jambo kama hili anaambiwa nani?

— Zamani, alisema Mafuta, kulikuwa na... Yeye sasa yuko Australia, Mama. Kwenye machungwa.

— Sawa. Na sasa anaambiwa nani?

— Kuna mchungaji, alijaribu Waziri. Lakini yeye zaidi ni... ni mambo ya roho.

— Kuna wilaya, alisema Mafuta. Lakini wilaya nayo, Mama, inangoja jina litoke hapa. Inangoja mtu.

— Mtu gani?

Kuku mmoja alipita akidonoa makombo chini ya benchi, na kila mtu alimtazama kwa makini makubwa, kama atakayesema.

Pale chini sakafuni, Lisiate aliona miguu ya shangazi yake. Mchanga mweupe wa kaburini ulikuwa umeganda kwenye vidole vyake. Alimkumbuka baba yake, ambaye hakuwahi kupanda mimbarani hata siku moja, lakini ua wake haukulala chini jua mbili. Na akatambua kuwa yale maneno ya wazee wa kanisa kuhusu sauti moja aliyapenda kwa sababu yalimwacha alale. Sauti ilikuwa moja, ndiyo. Lakini nani aliyewaambia kwamba ilitolewa kwa ajili ya Jumapili tu?

— Shangazi, alisema.

— Naam, mwanangu.

— Niambie mimi.

— Nimeshakuambia. Umesikia?

— Nimesikia. Nguruwe yule ni wangu.

Waziri alishusha pumzi iliyokuwa imemkaa kifuani tangu sikio litajwe. Shangazi Vaimoana alimtazama mpwa wake kwa muda, na pembe ya mdomo wake ikatikisika.

— Nilijua ni wako, alisema. Ana macho ya mtu asiyeambilika. Lakini nilitaka kujua kama kuna wa kumwambia.

Akachukua kikombe kibaoni, akakaa kwenye benchi mahali pa katikati, palipokuwa pa Lisiate, akanywa.

Lisiate aliinuka, akajipangusa mavumbi, akatazama jua. Ofisi ya wilaya ilikuwa mwendo wa miguu tu, na mtu mwenye haraka angeiwahi kabla mlango haujafungwa. Alishuka ngazi ya baraza.

— We! We Radi! aliita Mafuta. Unakwenda wapi hivyo? Ofisini kwa watu kiuno kitupu? Uko uchi, bwana!

Na kabla mtu hajasema neno, alifungua kamba kiunoni mwake, akautoa mkeka wa heshima, akashuka akamzungushia Lisiate na kumfungia kwa mikono yake mwenyewe, akivuta kamba kwa hasira.

— Sijakuunga mkono, alisema akikaza fundo. Bado nasema mhubiri hachanganywi. Usije ukasema Mafuta alikuunga mkono.

— Sitasema.

— Na kichwa cha nguruwe, kwangu, sahau. Utakula mkia.

— Mkia nao una mafuta yake, ndugu yangu.

— Una harufu ya nguruwe huo mkeka! alipiga kelele Lupe.

— Vizuri, alisema Waziri. Afisa wa wilaya atajua shida yetu kabla hajaambiwa.

Lisiate alianza safari. Alipofika kwenye kona ya kanisa alisimama, kwa kuwa alijiona bado ana deni moja la kulipa kabla hajaomba kazi. Hakuwa afisa, na mbiu haikuwa yake bado; lakini alijaza kifua hewa, akaiachilia sauti ile ambayo Fangaloto ilizoea kuisikia Jumapili tu.

— Enyi watu wa Fangaloto! Fungeni nguruwe zenu! Wanafukua makaburi, wanakula viazi vya wajane! Wa kwanza ni wa Lisiate, jike mweupe, sikio limechanika! Faini ataitoa! Fungeni nguruwe zenu!

Mbwa walibweka nyumba hadi nyumba. Dirisha moja lilifunguliwa. Mwambani, waokotao kome walisimama. Kisha, nyuma yake kule dukani, alisikia sauti za benchi zikija na upepo.

— Lupe, ilikuwa sauti ya Mafuta, ya chini, ya mtu asiyetaka kusikiwa. Una misumari?

— Ya ua?

— Ya ua au ya nini, wewe niuzie. Huyo mtu atarudi kabla ya giza.

— Na mimi nipimie, alisema Waziri. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hata wewe? Si una nguruwe mmoja tu!

— Mmoja wa Waziri huonekana kama kumi. Na kakao uongeze.

— Kakao imekwisha, kikombe cha mwisho anacho Mama. Misumari yenyewe ni kiganja kimoja tu. Mtagawana.

Lisiate hakugeuka. Aliushika mkeka wa Mafuta kwa mkono mmoja usimfunguke, akaongeza mwendo, na kwa mara ya pili alasiri ile radi ikapiga Fangaloto bila wingu:

— Msiimalize misumari! Nibakizieni ya kwangu!